Mstari Ulikuwa Wangu

Nilimtwisha kijana wa watu kosa langu. Kosa lenyewe lilikuwa la kiufundi, la mstari mmoja, na makosa ya namna hiyo humpata kila fundi. Nilichokifanya baada ya kuligundua ndicho kinachonikosesha raha, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa bila kupunguza kitu. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaolinda seva za simu za intaneti, kwa sababu najua wapo ambao leo hii wanafanya nilichokifanya: wanaizima mashine na kuiwasha, wanaomba waongezewe kumbukumbu, na wanatafuta wa kumlaumu.

Kampuni yetu, hapa Dar es Salaam, ilikuwa ndogo. Tulibeba simu za wengine: vituo vya huduma kwa wateja, wakopeshaji, hoteli kadhaa, na zahanati moja yenye wodi ya wazazi. Simu zote zilipita kwenye seva moja iliyokuwa na Kamailio. Programu hii haibebi sauti. Inapokea ujumbe wa kuanzisha simu, inatafuta anayepigiwa yuko kwenye anwani ipi, inauelekeza ujumbe huko, na inakumbuka kilichoendelea mpaka jibu lirudi. Chimbuko lake ni kazi iliyoanzwa mwaka 2001 katika taasisi ya Fraunhofer FOKUS, Berlin, na hadi leo iko kwenye mitandao ya watoa huduma wakubwa wanaobeba simu nyingi kuliko sisi maradufu. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa kuna wakati niliishutumu programu hii mbele ya watu, nikasema ndiyo mbovu.

Ili mtu aelewe nilivyopotea, lazima ajue jinsi Kamailio inavyotumia kumbukumbu. Inapowaka hujitengea mafungu, na mafungu hayo hayaongezeki tena mpaka izimwe na kuwashwa upya. Kuna fungu la pamoja linalotumiwa na michakato yote. Bila kubadilishwa huwa megabaiti 64. Humo mnakaa usajili wa simu za wateja, miamala inayosubiri majibu, na majedwali ambayo fundi ameyaunda mwenyewe. Halafu kuna fungu binafsi la kila mchakato, ambalo kwa kawaida ni megabaiti 8. Fungu likiisha, limeisha, hata kama mashine ina gigabaiti kadhaa zimelala bure. Hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa: unaitazama mashine unaona nafasi tele, huku logi inalia kwamba kumbukumbu imekosekana. Logi yenyewe inataja ni fungu lipi. Maneno matatu tu kwenye sentensi ndefu, lakini yapo.

Mara ya kwanza ilitupata Jumatatu asubuhi, vituo vya huduma vimeshafungua laini. Kwanza seva ikawa nzito. Simu inayotumia UDP isipojibiwa hurudia ujumbe wake baada ya nusu sekunde, kisha sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, na huendelea hivyo hadi sekunde 32 zipite. Kwa hiyo seva iliyolemewa huongezewa mzigo na wapigaji wale wale ambao haijawajibu. Baada ya uzito kukaja kukataa: kila simu mpya ikawa inajibiwa 500, pamoja na ile sentensi ya kuomba radhi ambayo waandishi wa Kamailio waliiweka humo. Nilifungua logi, nikaona fungu la pamoja limekwisha, nikazima na kuwasha. Simu zikapita. Nikaandika kwenye taarifa: mzigo umekuwa mkubwa.

Nikaongeza fungu la pamoja hadi megabaiti 256. Pakatulia kwa muda mrefu kuliko mwanzo, nami nikachukua ule utulivu kuwa ushahidi kwamba nilikuwa sahihi. Lilipojaa tena nikaongeza hadi 512, na mkurugenzi akakubali kununua mashine kubwa zaidi kwa neno langu. Sikumdanganya hapo, niliamini nilichosema. Lakini kuamini kwangu hakukuwa na msingi, maana sikuwa nimepima chochote. Nilikuwa nimeona wateja wanaongezeka na kumbukumbu inaisha, nikayaunganisha mawili hayo kwa sababu muungano huo haukunidai kazi.

Wakati huo tulikuwa na kijana aliyeajiriwa kwa mkataba, mdogo wangu kwa umri na kwa cheo, makini sana. Alikuwa ameongeza idadi ya michakato ya kupokea ujumbe, kutoka 8 hadi 32, kwa ruhusa yangu mwenyewe, ili foleni ya asubuhi ipungue. Ilipungua kweli. Wiki chache baadaye seva ikakwama tena, na safari hii mteja mmoja mkubwa akaja ofisini amekasirika. Kwenye kikao mkurugenzi aliuliza kimebadilika nini. Nikajibu kwamba kilichobadilika ni idadi ya michakato, na kwamba michakato mingi hula kumbukumbu.

Yule kijana alinyoosha mkono kwa adabu. "Samahani, kaka. Michakato niliyoongeza inakula kumbukumbu binafsi, kila mmoja ya kwake. Logi inalia fungu la pamoja. Mimi nimegusa wapi hapo?"

Swali lilikuwa sahihi kabisa. Ningetakiwa kusimama pale pale na kusema, ngoja tukaangalie. Nilimjibu hivi: "Hii mashine nimekaa nayo miaka, wewe umeikuta. Twende na uzoefu." Akasema, "Sawa, kaka." Kuanzia kesho yake akaondolewa kwenye seva, akapewa kazi ya kuzunguka kufunga simu za mezani kwa wateja. Michakato ikarudishwa 8. Foleni ya asubuhi ikarudi nayo, na kumbukumbu ikaendelea kuisha vilevile.

Nilipoona bado inaisha, nikaweka amri ya kroni: kila siku saa tisa usiku Kamailio izimwe na kuwashwa. Sikumwambia mtu. Niliuchagua muda huo nikijua kwamba hakuna atakayeona.

Sasa, usajili wa simu zetu ulikuwa unakaa kwenye kumbukumbu tu, haukuandikwa kwenye hifadhidata. Ndivyo Kamailio inavyokuja, na kubadilisha ni kazi ya dakika chache ambayo sikuifanya. Maana yake ni kwamba kila saa tisa usiku seva iliamka haimjui mtu. Simu nyingi za mezani hujisajili upya kila sekunde 3600. Simu iliyokuwa imejisajili saa tisa kasoro dakika tano ilibaki haipatikani karibu saa nzima, na aliyekaa mbele yake hakuwa na namna ya kujua, kwa kuwa akiinyanyua anasikia mlio kama kawaida, na akipiga inatoka. Kupigiwa tu ndiko kusikowezekana.

Zahanati ndiyo iliyoligundua jambo hilo. Mkunga wa zamu alipiga kulalamika kwamba ndugu wa mgonjwa walikuwa wamepiga namba ya wodi tena na tena bila kupokewa, mwishowe wakamleta mama kwa bajaji wenyewe, wamefika geti limefungwa na mlinzi hana taarifa. Mama na mtoto walikuwa salama. Nilipokea malalamiko hayo mimi, nikamwambia dada yule kwamba huenda umeme wa kwao uliyumba na simu ikazimika. Alinishukuru. Nililiona vizuri tatizo ni nini wakati nikizungumza naye, kwa sababu alinitajia saa.

Wiki ile nilishindwa kuendelea. Niliiondoa ile kroni, nikajilazimisha kufanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza: kuchora matumizi ya fungu la pamoja kila dakika tano, mchana na usiku. Kama tatizo lingekuwa mzigo, mstari ungepanda asubuhi na kushuka jioni vituo vinapofunga, kwa kuwa muamala ukiisha nafasi yake hurudishwa. Mstari wangu ulipanda asubuhi, ukapanda jioni, na usiku wa manane, wakati tuna simu za kuhesabika, ukaendelea kupanda taratibu. Haukushuka hata mara moja. Tangi la nyumbani likipungua maji usiku wakati kila mtu amelala, hutalaumu wingi wa wageni. Unatafuta bomba linalovuja. Mchoro ule ungeweza kupatikana tangu mwanzo, kwa amri moja ambayo Kamailio yenyewe inaitoa.

Nikauliza majedwali. Kuna amri nyingine inayoorodhesha kila jedwali, idadi ya nafasi zake, na idadi ya vilivyomo. La kufungia anwani za wavamizi lilikuwa na vitu vichache. La pili lilikuwa na karibu vitu milioni mbili.

Hilo la pili nililiunda mimi. Idara ya mauzo ilitaka ujumbe wa kukata simu unapofika tujue mara moja ni wa akaunti ya nani, kwa hiyo niliamua kuhifadhi jina la akaunti chini ya kitambulisho cha kila simu. Nilinakili mstari wa mfano unaokuja na Kamailio, ule wa jedwali la kufungia anwani, ambao una vipande viwili: size=8 na autoexpire=300. Kipande cha pili kinasema kila kilichoingia kifutwe baada ya sekunde 300. Nikakiondoa kwa makusudi, maana sikutaka simu ya nusu saa ipotee katikati ya mazungumzo. Nilinuia kuandika amri ya kufuta pale simu inapokatwa. Sikuiandika. Nikaitwa kwenye jambo jingine, nikasahau, na kwa kuwa kila kitu kilifanya kazi siku ile, hakuna kilichonikumbusha.

Na ile size=8 niliidhani ni mpaka, kwamba jedwali haliwezi kuzidi ukubwa fulani. Sivyo. Namba hiyo ni kipeo: mbili kwa kipeo cha nane ni 256, na 256 ni idadi ya nafasi ambamo vitu vinagawanywa. Kila nafasi ina orodha, na orodha haina mwisho. Gawanya vitu milioni mbili kwa nafasi 256 upate orodha ya takriban vitu 7,800 katika kila nafasi. Kila simu mpya ilipoingia, mchakato uliifunga nafasi yake kwa kufuli, ukapita kwenye ile orodha kitu kimoja kimoja, na michakato mingine iliyotaka nafasi hiyo ikasubiri. Hivyo ule uzito wa asubuhi niliouita mzigo nao ulitoka kwenye jedwali lile lile. Kijana wa watu aliongeza michakato kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na foleni ilikuwa ndefu kwa sababu yangu.

Na usiku? Seva yoyote yenye poti 5060 wazi kwenye intaneti inabishiwa hodi saa zote na programu za kutafuta nywila dhaifu na namba za ndani. Kila hodi huja na kitambulisho kipya cha simu. Mstari wangu wa kuandika kwenye jedwali niliuweka juu kabisa, kabla ya ukaguzi wa kuwafungia wavamizi. Tulikuwa tunawakataa, lakini baada ya kumwandika kila mmoja wao na kumhifadhi milele.

Kurekebisha kulikuwa kwepesi. Nilishusha mstari chini ya ukaguzi, nikaandika amri ya kufuta simu inapokatwa, nikaweka autoexpire ya saa mbili kwa simu zinazopotea bila kukatwa, nikapandisha size hadi 12 ili nafasi ziwe 4,096, na usajili ukaanza kuandikwa kwenye hifadhidata. Ule mstari wa mchoro ukaanza kushuka kila jioni. Megabaiti 64 za awali zingetutosha. Mashine kubwa haikuhitajika kabisa.

Kwenye taarifa kwa mkurugenzi niliandika: "Maboresho ya utendaji yamefanyika." Basi. Sikuandika jedwali, sikuandika nani aliliunda, sikuandika kwamba idadi ya michakato haikuhusika. Yule kijana alikuwa bado yupo, anazunguka na ngazi na mikasi ya waya kwenye ofisi za wateja. Ningeweza kumwita siku ile ile. Nilijiambia kwamba tatizo limekwisha na kurudia mambo ni kuchafua hewa. Mkataba wake ulipokaribia mwisho, mkurugenzi aliniuliza ninamwonaje. Nilijibu kwamba ni kijana mzuri ila ana haraka. Hakuongezewa.

Sentensi hiyo naikumbuka zaidi kuliko kikao chenyewe. Kwenye kikao nilikuwa mjinga wa jambo ninalolizungumzia, na ukali wangu ulitokana na woga. Siku ya kuulizwa kuhusu mkataba nilikuwa najua kila kitu.

Zaidi ya mwaka ulipita, akanipigia. Alikuwa amepata kazi kwingine, analea seva ya simu kama yetu, na alitaka ushauri. Seva yake ilikuwa inachelewa kujibu nyakati za asubuhi. Nikamuuliza ana michakato mingapi. "Nne, kaka," akasema. "Naogopa kuongeza. Si unakumbuka nilivyowaharibia kule? Tangu siku ile nikiona mtu anaongeza michakato namzuia."

Nilikaa kimya mpaka akauliza kama laini imekatika. Nilikuwa nimejua kwamba nilimwondolea kazi. Sikuwa nimejua kwamba nilimwondolea na elimu yake. Kijana aliyekuwa ameielewa Kamailio kuliko mimi sasa alikuwa anaamini uongo nilioutunga ili nitoke kwenye kikao, anauendesha mtambo wa watu wengine kwa uongo huo, na anawafundisha wenzake. Ni hapo nilipoelewa kwamba sababu ya uongo ikishaandikwa kwenye taarifa haikai kwenye taarifa. Watu wanaichukua kuwa maarifa, wanaenda nayo.

Nikamweleza. Nilianza na jedwali, nikamtajia mstari ulivyokuwa, nikamwambia lini niligundua, kisha nikamwambia nilivyojibu nilipoulizwa kuhusu mkataba wake. Hilo la mwisho lilinitoka kwa shida.

"Kwa hiyo lile swali langu la siku ile," akasema, "lilikuwa sahihi?"

"Lilikuwa sahihi. Ungepewa nafasi ungelipata tatizo siku hiyo hiyo."

Hakupandisha sauti. Aliniuliza maswali ya kazi kwanza: vitu vilikuwa vingapi, niliviona kwa amri gani, nafasi ndefu zaidi ilikuwa na vingapi. Nilijibu yote. Kisha akasema kwamba kumwomba msamaha kwenye simu ni rahisi kwangu na kwake, ila waliomsikia akilaumiwa hawakuwa kwenye simu hiyo. Alitaka niandike kwa mkurugenzi na kwa wote waliokuwa kwenye kikao, kwa majina yao, na nakala apewe yeye.

Niliandika. Nilieleza mstari wa jedwali, kroni ya saa tisa usiku, mashine iliyonunuliwa bila haja, majibu niliyompa mkunga, na kwamba kijana yule hakuwa na kosa lolote na nililijua hilo nilipotoa maoni kuhusu mkataba wake. Mkurugenzi alikaa nayo siku kadhaa kabla ya kuniita. Alinivua usimamizi wa seva, na sikubisha. Aliandika barua ya kumsafisha kijana yule kwa mwajiri wake mpya, kwa karatasi yenye muhuri wa kampuni, jambo ambalo nisingelifikiria mwenyewe.

Zahanati ilikuwa imeshahamia kwa mtoa huduma mwingine. Nilikwenda mwenyewe. Mkunga niliyezungumza naye alikuwa amehamishwa, nikamweleza mganga mfawidhi kwamba umeme wao siku ile haukuwa na tatizo, kwamba simu ilinyamazishwa na amri niliyoiweka mimi, na kwamba kama kuna mfanyakazi wa zamu ile aliyeandikiwa onyo kwa kutopokea simu, onyo hilo halikumstahili. Akafungua daftari la zamu, akatafuta usiku ule. Mlinzi ndiye aliyekuwa ameandikiwa. Tuliandika marekebisho pale pale, nikatia sahihi yangu chini.